Hesabu maji kabla ya vyungu: bustani ya kula na ya kupendeza mlangoni pako

Nyumba nyingi tunazopanga Mombasa, kuanzia Majengo hadi Kisauni na Likoni, hazina ua wa kulima. Hata zile zenye ua, ukipiga jembe mara mbili tatu unagonga jiwe la matumbawe. Kwa hivyo kila kitu tunanunua: dania ya kachumbari, pilipili mbili za mchuzi, mnanaa wa chai, fungu la mchicha. Ni vitu vidogo, lakini hununuliwa kila siku, na nusu yake hunyauka kabla ya kutumika kwa sababu fungu ni kubwa kuliko haja ya chungu cha siku moja.

Vitu hivyo vyote vinaota vizuri kwenye ndoo na vyungu, na vikipangwa kwa akili vinapendeza kuliko maua mengi tunayonunua kwenye vitalu vya barabarani. Mimi si bwana shamba, lakini kibaraza changu kimenilisha mboga na viungo kwa miaka kadhaa sasa. Ninachotaka msomaji ashike ni hiki: huku Pwani kinachoamua ukubwa wa bustani ni maji uliyonayo. Nafasi na mbegu huja baadaye. Ukihesabu maji kwanza, bustani itakulisha. Ukihesabu vyungu kwanza, wewe ndiye utakayeilisha.

Hesabu ya maji

Maji yetu ya mfereji yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Sote tunajua yanavyokatika. Mfereji ukikauka tunanunua mitungi ya mkokoteni.

Sasa fanya hesabu. Ndoo ya lita 20 yenye mmea mkubwa hunywa takriban lita 2 kwa siku wakati wa jua la kaskazi. Ndoo 10 ni lita 20, yaani mtungi mzima kila siku. Ukiununua mtungi huo kwa mwezi mzima ili upate mchicha, ni heri ungenunua mchicha.

Lakini kuna maji ambayo tayari umeyalipia na unayamwaga. Ya kwanza ni ya kuoshea mchele na mboga. Ya pili ni ya udhu. Watu wazima wawili wanaotawadha nyumbani kwa sala tano, kila mmoja akitumia lita moja na nusu, humwaga lita 15 kwa siku. Maji hayo hayana sabuni wala chumvi. Weka beseni chini ya mfereji, na jioni unayo ya kumwagilia. Ukijumlisha na ya jikoni unakaribia lita 20. Basi nyumba hiyo inaweza kubeba ndoo 10. Nyumba ya mtu mmoja ianze na ndoo 3 au 4.

Maji ya kuogea na ya kufulia usiyatumie, kwa sababu ya sabuni na dawa ya kung'arisha nguo. Ya kuoshea samaki nayo huita paka na nzi.

Mvua nayo ina hesabu yake. Milimita moja ya mvua kwenye paa la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 20 kwenye paa dogo la mita 10 za mraba ni karibu lita 200. Acha maji ya dakika za kwanza yaende, kwani yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kinga yanayofuata. Pipa la kukingia liwe na kifuniko.

Chumvi ndiyo adui

Visima vingi vya kisiwani na vya mitaa ya karibu na bahari ni vya maji ya chumvi. Shambani mvua huisukuma chumvi ikashuka chini. Kwenye ndoo haina pa kwenda. Kila unapomwagilia, maji yanapanda hewani na chumvi inabaki. Dalili zake ni mbili: ncha na kingo za majani hukauka na kuwa kahawia, na juu ya udongo hujitokeza ukoko mweupe.

Ukiona hivyo, mwagilia maji matamu mengi kwa mkupuo mmoja mpaka yatoke chini kwa wingi, kiasi cha mara mbili ya ujazo wa chombo. Njia nafuu zaidi ni kusogeza vyungu nje mvua kubwa ya masika inaponyesha, mvua ikuoshee bure.

Kama huna budi kuchanganya maji ya kisima, chagua mimea inayostahimili. Spinachi tunayouziwa sokoni ni jamaa ya bitiruti, na ukoo huo huvumilia chumvi kuliko mboga nyingi. Kunde huvumilia kiasi. Wasiovumilia ni maharagwe, vitunguu, karoti na jamii yote ya ndimu na malimau. Hao wape maji matamu tu. Na maji ya kisima kilicho karibu na choo cha shimo yasiguse majani yanayoliwa mabichi kama dania na mnanaa.

Chombo

Ndoo ya mafuta ya kupikia, mtungi wa lita 20 uliokatwa, beseni lililopasuka, sufuria kuukuu, chungu cha udongo, gunia: vyote vinafaa mradi viwe na matundu. Toboa matundu manne hadi sita ya upana wa penseli chini ya ndoo. Wengi hujaza kokoto chini wakidhani zinasaidia kutoa maji. Hazisaidii, zinapunguza tu nafasi ya mizizi. Weka kipande cha chandarua kuukuu juu ya matundu ili udongo usitoke, kisha inua ndoo juu ya vipande viwili vya tofali.

Ukubwa ufuate mmea. Dania, mchicha na mnanaa hutosheka na chombo chenye kina cha sentimita 15 hadi 20. Pilipili na sukuma wiki huhitaji lita 10 au zaidi. Nyanya, biringani na bamia wape lita 20. Mndimu huhitaji pipa la lita 50 na kuendelea.

Jambo moja si la mzaha. Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, mafuta ya gari au tindikali ya betri kisipandwe chakula, hata ukikiosha mara saba. Kwa vyombo vya plastiki, tazama alama ya pembetatu chini yake: namba 2, 4 na 5 ndizo za kutegemea.

Ndoo nyeusi hupika mizizi kwenye jua letu. Dawa yake ni chokaa. Paka nje pekee, mikono miwili. Jua linarudishwa, na ndoo za rangi mbalimbali zilizookotwa kila mahali zinakuwa kitu kimoja, nyeupe kama kuta za Mji wa Kale. Kwa gharama ndogo hakuna pambo linaloishinda chokaa.

Udongo

Udongo wa ndani ya ndoo uwe mwepesi lakini ushike maji. Mimi huchanganya karai mbili za udongo mwekundu, karai moja ya samadi iliyooza vizuri na karai moja ya makumbi ya nazi yaliyopondwa. Makumbi hushika maji mengi, na hapa kwetu hayakosekani. Ila uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyozikwa pwani ili kutengeneza kamba yamejaa chumvi, kwa hivyo yaloweke katika maji matamu na kuyasuza mara mbili tatu. Mchanga wa ufuoni usiutie kabisa, una chumvi na vipande vya kombe.

Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu. Iliyo tayari ni nyeusi, inamomonyoka mkononi na hainuki.

Udongo nao usiokotwe popote. Watu wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, waliathirika na madini ya risasi yaliyotokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Risasi haionekani kwa macho wala hainuki, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Usichote udongo karibu na gereji, mahali pa kutengeneza betri, kando ya barabara kuu au palipochomwa taka. Nunua kwenye kitalu unachokijua, au agiza kwa jamaa aliye shamba.

Mimea inayolisha na kupamba

Anza na inayopenda joto letu.

Mchicha. Unaupanda kwa mbegu na kuukata baada ya wiki tatu au nne. Kata juu na kuacha shina, utachipua tena. Tafuta ule wenye majani mekundu, karai moja inang'arisha mlango mzima.

Pilipili. Pilipili kichaa na pilipili mbuzi hukaa ndooni zaidi ya mwaka. Matunda ya kijani, manjano na mekundu kwenye mti mmoja ni pambo tosha. Ndege hawausikii ukali wake, kwa hivyo watakuja kula. Waachie kidogo, kwani anachokula ndege kwenye mmea wako ni sadaka yako.

Bamia. Ua lake la manjano lenye moyo mwekundu hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyo hiyo. Linafanana na ua la bustanini, na kwa kweli ni ukoo mmoja. Vuna kila siku ya pili, likichelewa linakuwa gumu.

Biringani. Maua ya zambarau, majani mapana ya kijivu, na matunda yanayoning'inia. Linahitaji kijiti cha kuegemea.

Matembele. Hayo ni majani ya viazi vitamu. Chomeka kipande cha shina kwenye ukingo wa ndoo kubwa, kitateremka na kuifunika ndoo yote. Unachuma, yanazidi.

Mchaichai. Nunua mashina mabichi sokoni, chagua yenye kitako kizima, yatie majini siku chache yaote mizizi, kisha panda. Husimama kama chemchemi ya majani na hauchoki kukatwa.

Mrehani. Mama zetu waliupanda kwa ajili ya kikuba, na mlango wenye mrehani una harufu ya nyumba yenye sherehe. Ukate ncha kabla haujatoa maua, utatanuka.

Mnanaa. Upe chombo chake peke yake, kwani hutambaa na kuwameza wenzake. Unataka kivuli cha mchana na udongo wenye unyevu. Uweke karibu na mfereji.

Dania. Hii ndiyo ngumu. Joto likizidi hukimbilia kutoa maua na majani hukoma. Ponda mbegu zigawanyike mara mbili, panda kidogo kidogo kila wiki mbili, mahali penye jua la asubuhi pekee. Miaka hii Ramadhani inaangukia kaskazi, wakati joto ni kali na bei ya dania na ndimu hupanda. Anayetaka dania yake ya futari apande wiki sita kabla ya mwezi kuandama, na aiweke kivulini.

Nyanya kubwa hazipendi usiku wetu wenye joto: maua hudondoka bila kutunga. Zile ndogo za vishada huzaa vizuri zaidi. Zipande kusi inapoanza kupoza hewa.

Ukipenda mapambo mengine kando, kumbuka kwamba utomvu wa waridi la jangwani, ambalo limejaa kwenye vyungu vya mahoteli, ni sumu. Usilipande chombo kimoja na chakula, hasa kwenye nyumba yenye watoto.

Kupanga ili pavutie

Kanuni ninayoifuata ni ya mimea mitatu katika chombo kikubwa: mmoja wa kusimama, mmoja wa kujaza, mmoja wa kuteremka. Pipa la lita 50 lenye mchaichai katikati, mrehani kuuzunguka na matembele ukingoni linashinda ua la plastiki popote. Jingine: bamia katikati, mchicha mwekundu kando, kunde za kutambaa ukingoni. Changanya tu mimea inayotaka jua na maji sawa. Usiweke mnanaa na pilipili pamoja, mmoja wao atateseka.

Vyungu virefu vikae nyuma ukutani, vifupi mbele. Vipange kwa mafungu ya tatu au tano, visisimame mstari mmoja kama askari. Rudia rangi moja mara mbili tatu, kwa mfano mwekundu wa mchicha, mwekundu wa pilipili, na spinachi yenye mabua mekundu, na jicho litaona mpango.

Uzuri huu una kazi. Chungu cha kupendeza huwekwa mlangoni, na kilicho mlangoni kinaonekana kikiwa na kiu, kikiwa na wadudu, kikiwa tayari kuvunwa. Chungu kisichovutia hupelekwa nyuma ya nyumba na kufa bila mtu kujua. Zaidi ya hayo, mwenye nyumba hamwambii mpangaji aondoe kitu kinachoipendezesha nyumba yake.

Lakini mwombe ruhusa kabla, hasa kama unataka kutumia darini. Ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ziweke juu ya kuta, si katikati ya dari. Roshani za mbao za nyumba za kale zisibebeshwe kabisa, uzito na unyevu huzimaliza. Na maji ya vyungu vyako yasidondoke kwenye nguo za jirani wa chini.

Jua na misimu

Majani yanahitaji jua la saa nne hivi kwa siku, matunda saa sita au zaidi. Mombasa iko nyuzi nne kusini ya ikweta, kwa hivyo jua la mchana hukaa upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba, kisha huhamia kusini. Ukuta uliokuwa na jua Julai unaweza kuwa kivulini Desemba. Faida ya chungu ni kwamba unakihamisha pamoja na jua.

Wakati wa kusi, upepo wa baharini hubeba chumvi. Walio karibu na ufuo wakinge mimea kwa ukuta au makuti, na wasuze majani kwa maji matamu. Wakati wa kaskazi mwagilia mapema asubuhi na funika udongo kwa nyasi kavu au makumbi, utaokoa maji mengi. Chomeka kidole: kikiwa kikavu hadi pingili ya kwanza, mwagilia.

Kila wiki mbili nipe mimea yangu maji ya mbolea, ndivyo ninavyojikumbusha. Funga samadi kwenye gunia dogo, loweka ndooni kwa wiki moja huku umefunika, kisha zimua hadi iwe na rangi ya chai ya mkandaa nyepesi. Mimina kwenye udongo, si kwenye majani.

Mbu, wadudu na paka

Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 Mombasa ilikumbwa na chikungunya, na wengi wetu tunakumbuka viungo vilivyouma kwa wiki. Mbu anayeieneza, pamoja na homa ya dengi, hung'ata mchana na hutaga kwenye maji yaliyosimama karibu na watu. Visahani vya chini ya vyungu ni nyumba yake. Visiwepo, au vijaze mchanga. Ndoo za maji zifunikwe. Chombo chochote cha maji kisuguliwe kila wiki, maana mayai hunata ukutani na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Bustani inayoleta homa nyumbani haina maana.

Vidukari na nzi weupe hukaa chini ya majani. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, suza asubuhi. Majani ya mwarobaini yaliyopondwa, kulowekwa usiku kucha na kuchujwa, nayo husaidia. Vyovyote vile, osha mboga kabla ya kula.

Paka hupenda kuchimba udongo mwepesi. Chomeka vijiti vifupi vilivyokaribiana, watakosa pa kukaa. Mbuzi wa mtaani hana dawa isipokuwa urefu: inua vyungu au weka wavu.

Pa kuanzia

Wiki hii pima maji. Weka beseni chini ya mfereji wa udhu na ndoo moja jikoni kwa siku tatu, uone umekusanya kiasi gani. Gawanya kwa tatu upate maji ya siku moja, kisha gawanya kwa mbili, hiyo ndiyo idadi ya ndoo zako. Kisha anza na tatu tu: karai la mchicha, ndoo ya pilipili, na chungu cha mrehani. Zipake chokaa, ziweke mahali unapovulia viatu. Baada ya mwezi utakuwa umekata mchicha mara ya kwanza, na utajua kama maji yako yanaruhusu ndoo ya nne.